Mashine ya efekti yenye sauti 150 za watu wengine, miezi 5 baadaye

Nianze na bei maana najua wengi mtashuka moja kwa moja kuitafuta. Laki tatu na themanini, Kariakoo, baada ya kubishana na muuzaji karibu nusu saa, mwenyewe alianzia laki tano na nusu akaapa kwa mama yake kwamba hapati hata mia. Ni ile mashine ya efekti za gitaa, ya kubadilisha mlio wa gitaa la umeme, inayokaa chini mguuni, boksi la chuma, vitufe viwili vya kukanyaga, pedali moja pembeni na kioo kidogo. Jina silitaji kwa sababu mashine hii hii nimeikuta maduka matatu ina majina matatu, ndani kitu kile kile, kilichobadilika ni stika tu. Ila ukiiona utaijua, maana sauti zake 150 zimetengenezwa kuiga wapiga gitaa maarufu wa rock na wamezipa majina ya kuzungukia, hawathubutu kuandika Hendrix wanaandika Jimi H, hawaandiki Van Halen wanaandika Eddie 78, na kila mtu anaelewa.

Sikuinunua kwa ajili yangu. Mi ni mpiga gitaa la rizimu wa bendi ya kopi, tunapiga nyimbo za watu, harusi, hoteli, sherehe za ofisi za mwisho wa mwaka, huu mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo mambo ya kumcheka mtu anayeiga sina, kuiga ndo kunanilipia kodi ya nyumba. Nilimnunulia mpwa wangu, ana miaka 17, gitaa kajifunzia YouTube tangu yuko form one na ameshikwa na rock mpaka dada yangu akawa ananipigia simu usiku kuniuliza hivi hii ni kawaida au ampeleke kwa mchungaji. Ni kawaida dada.

Sasa sauti. Ukichomeka hedfoni, aisee, raha. Hakuna anayebisha. Dogo alikaa nayo chumbani siku tatu anatoka kula tu, na sauti aliyoganda nayo ni hiyo Eddie 78. Kwa wasiojua, albamu ya kwanza ya bendi ya Van Halen ya mwaka 1978 ina kipande cha gitaa peke yake, anapiga Eddie Van Halen, dakika 1 na sekunde 42, mwishoni mkono wa kulia unaacha kukwaruza nyuzi unahamia shingoni unagonga freti pamoja na wa kushoto, nota zinamwagika kama mtu kaangusha gunia la karanga kwenye sakafu ya vigae. Dogo kakimeza chote kwa wiki tatu. Chote. Nikamrekodi kwa simu nikatupia kwenye grupu letu la wanamuziki, watu wakapagawa, emoji za moto kibao, halafu mzee mmoja mpiga solo wa zamani, huyu haandikagi kitu mwezi mzima, akaandika "safi sana, sasa apige cha kwake."

Dogo akaisoma. Kesho yake kaja kwangu na gitaa mgongoni, "Anko, cha kwangu ni kipi?" Nikamwambia piga chochote. Akaanza kitu kizuri tu, taratibu, nota nne tano, mara mkono huoo umekimbilia kule kule kwenye kugonga. Akaacha akaanza tena, ukakimbia tena. Vidole vilishakariri njia ya kwenda nyumbani kwa mtu mwingine.

Na hapa ndo nina ugomvi na hii mashine, siyo kwamba inafundisha kuiga. Wote wameiga. Eddie mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba alimeza solo za mpiga gitaa Eric Clapton za enzi za bendi ya Cream nota kwa nota, sasa msikilize Clapton halafu msikilize Eddie uniambie wanafanana wapi, maana alishiba kwa Clapton akaondoka akaenda kuhangaika na mambo yake, gitaa kajiungia vipande, bodi ya huku pikapu (kile kinachonasa mlio wa nyuzi) ya kule, ampu ya Marshall, yaani kikuza sauti, anaishushia volti kwa kifaa ili aifungulie mpaka mwisho. (Sisi huku volti zinashuka zenyewe bila kununua kifaa, na sauti yake wala siyo hiyo, nimeshajaribu.) Kwenye mashine hangaiko lote hilo limekuwa namba 43, hiyo Eddie 78. Unakanyaga, unapewa. Kijana hapati hata nafasi ya kukosea, na kukosea ndo kulikowatoa wengi wao.

Mfano namba 61, wameiita Tony B. Ukiikanyaga gitaa zima linashuka, zito, kama lori linapanda Kitonga. Ni Tony Iommi wa Black Sabbath hapo. Huyu jamaa alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mabati Birmingham, 1965, ana miaka 17, umri wa huyu huyu dogo wangu, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa kushoto kwa hiyo huo wa kulia ndo mkono wa shingoni. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vikofia vya vidole, akatafuta nyuzi laini kabisa mpaka za banjo, na baadaye akalegeza tyuning ili nyuzi zisimsumbue, ikatoka ile sauti nzito ambayo nusu ya dunia inaikopi mpaka leo. Vijana wanalegeza nyuzi wana vidole kumi vizima! Siyo kosa, ila wanachokopi ni dawa ya maumivu ya mtu mwingine na hata hawajui. Mashine nayo haikuambii.

Namba mbaya kuliko zote kwangu mimi ni Jimi H. Wameweka fazi nyingi, ule mkwaruzo wa sauti iliyochafuliwa, mwangwi mwingi, basi. Mi mpiga rizimu nakwambia Hendrix siyo fazi. Kabla hajaenda London 1966 yule alikuwa mpiga gitaa wa nyuma ya watu, kapigia kundi la Isley Brothers, kapigia mwimbaji Little Richard, kazi yake ilikuwa kushikilia wimbo usianguke wakati wakubwa wanacheza mbele. Nikamkalisha dogo nikamwonyesha: dole gumba linapita juu ya shingo linashika besi kwenye uzi wa sita, kwa hiyo vidole vingine vinabaki huru kuchombeza ndani ya kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja), nyuzi mbili mbili, kama mwanamuziki wa soul Curtis Mayfield alivyokuwa anafanya. Halafu kitufe cha volyumu cha kwenye gitaa lenyewe, punguza kidogo fazi inasafishika, ongeza inachafuka, yani sauti tatu kwenye kidole kimoja cha mwisho. Kwenye mashine hii ukipunguza volyumu ya gitaa sauti inakuwa ndogo tu, uchafu ule ule. Hapo nimewatoa nyota nzima.

Kitu kingine mnunuzi ajue, zile sauti nzuri za kwenye hedfoni ukienda nazo kwenye bendi hazipo. Nilimleta dogo kwenye zoezi letu Tabata, akakanyaga Eddie 78 yake, tukaanza, wala hatumsikii. Akaongeza volyumu, tukasikia mluzi na mvumo lakini nota hakuna. Sababu ni kwamba wametoboa sauti ya katikati wakajaza besi na chenga za juu ili ukiwa peke yako ujione mkubwa, sasa besi ina mwenyewe, chenga zina matoazi, wewe umebaki na nini? Nikaingia kwenye seti nikapandisha kati, nikapunguza disto (uchafu wa sauti) nusu, nikaua mwangwi wote. Peke yake ikawa sauti mbaya kama redio ya mbao, kwenye bendi ikakata kama wembe. Kwa hiyo ukinunua andaa siku nzima ya kuzitengeneza upya, na usizitengeneze ukiwa peke yako.

Kizuri kabisa cha hii mashine ni ile pedali ya pembeni ukiiweka kwenye kupandisha sauti oktava, yaani nota ile ile ila ya juu zaidi. Hapo nilikuwa namsimulia dogo habari za Tom Morello, mpiga gitaa wa bendi ya Rage Against the Machine, na huyu ni jirani yetu kabisa, baba yake Mkenya, mzee Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia Umoja wa Mataifa, mtoto kazaliwa New York 1964 akakulia Illinois na mama. Morello naye alishinda na gitaa masaa mpaka 8 kwa siku, mbio anazo, lakini walioshindana kwa mbio walikuwa wamejaa mji mzima, akaamua kuiga kitu ambacho siyo gitaa, akaiga ma-DJ. Anakwaruza nyuzi kwa kiganja kama sahani ya santuri, swichi ya pikapu anaigonga sauti ikatike ikirudi, pedali ya Whammy inapandisha nota mpaka inalia kama king'ora. Albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine ilipotoka 1992 wakaandika kwenye kava kwamba hamna sampo (vipande vilivyorekodiwa kutoka kwingine) wala kinanda humu, maana walijua watu hawataamini. Na wala siyo jambo geni huku kwetu, Wajaluo walishahamisha mlio wa nyatiti, ala yao ya nyuzi, kwenye gitaa ukawa muziki wa benga, hamna aliyeona ajabu.

Dogo alisikiliza, akasema "sawa anko," akarudi kwenye Eddie 78. Ndo miaka 17 hiyo.

Halafu adapta. Hapa someni vizuri. Mashine inatumia volti 9 na katikati ya ile pini ni hasi, vifaa vingi vya nyumbani viko kinyume. Adapta yake ilipotea, dogo akachomeka ya rauta ya intaneti, kichwa kinaingia vizuri tu, kioo kikawaka sekunde moja kikazima, harufu ya plastiki. Kwa bahati kilichokufa ni kidude kidogo cha ulinzi pale umeme unapoingilia, fundi kakibadilisha kwa elfu 25, lakini akakaa na mashine wiki tatu maana "njoo kesho" za mafundi mnazijua. Muuzaji aliyetuuzia nilipomfuata na ile karatasi ya garantii ya miezi sita akaniangalia kama namdai mahari. Nyota nyingine hiyo, japo kosa nusu letu.

Zile wiki tatu ilikuwa likizo. Baba yake dogo ni Mgogo, akapelekwa kwa babu Dodoma na gitaa lake bila mashine, bila ampu, ile gitaa ya umeme isiyochomekwa inayolia kama mbu. Babu yake ana ilimba, ile ya vipande vya chuma unavyobofya kwa dole gumba, wanaomjua marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, wanaelewa nasema nini. Nilidhani dogo atalalamika. Aliporudi kaingia kwangu hajasalimia vizuri, kakaa, kachomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu kabisa na briji, akaanza kugonga kwa mikono miwili, ule ule mkono wa Eddie, ila nota fupi, kavu, zinaruka, mkono huu unauliza ule unajibu, na hazikimbii popote, zinazunguka. Nilichelewa kuelewa. Kumbe ni ilimba. Akanieleza ilimba ya babu ina tobo lililozibwa na utando wa buibui na ndo unaotoa ule mvumo wa kukwaruza juu ya kila nota, "Anko, ile ni disto!" Kweli bana, ni disto, na ilikuwepo kabla ya umeme. Akaingia kwenye mashine, ilikuwa imesharudi kutoka kwa fundi, akatafuta fazi ndogo kabisa, akaipunguza mpaka ikabaki mvumo tu kama nyuki ndani ya kopo. Saa nzima anageuza vitufe, mi nilishamaliza chai.

Siyo kwamba sasa ameshaiva. Bado anakosea mwendo, bado akiwa na wenzake anapiga ile dakika 1 na sekunde 42 kwa sababu wasichana wanaijua. Na wimbo wenyewe hauna mwisho, unazunguka mpaka achoke. Lakini yule mzee wa grupu nilipomtumia kakaa siku mbili halafu akauliza tu, "amejifunzia wapi?"

Mengine ya mashine kwa haraka. Lupa ya ndani, ile inayorudiarudia ulichorekodi, ni ya sekunde 60 na ni safi, dogo anarekodi mzunguko mmoja anapiga mwingine juu, peke yake hiyo inalipa robo ya hela. Mashine ya ngoma ni takataka, midundo 40 karibu yote ni ya nne kwa nne, ya sita kwa nane iko miwili na yote inasikika kama hoteli saa 10 jioni hamna wateja. Nafasi za kuhifadhi sauti zako mwenyewe ziko 50 na zilikuwa tupu miezi mitatu yote ya kwanza, sasa zimejaa 4. Kioo hakionekani juani, kama mnapiga nje mchana fungeni kikaratasi juu. Vitufe vya kukanyaga ni imara, nimevikanyaga na viatu vya harusi.

Nyota 3 kati ya 5. Kwa laki tatu na themanini nunua, kwa laki tano usithubutu, na adapta nunua mbili za kwake siku hiyo hiyo. Sponji haimo kwenye boksi. Ya dogo ni ya kuoshea vyombo, kaikata nusu, na dada yangu bado anamsema binti wa kazi kuhusu ile nusu nyingine, mi sijamwambia kitu.