Kokoa ya kuokea: makopo ninayoyanunua na ninayoyaacha dukani

Nikiambiwa nichague kopo moja tu la kokoa la kuweka kabatini, nachukua Hershey's ya kawaida, ile ambayo kwenye viambato pameandikwa kokoa na basi. Naoka keki za oda nyumbani, Mbagala, na nyingi ni za chokoleti. Hiyo ndiyo inayonibeba. Lakini supamaketi za Dar zina makopo mengine pia, na wapishi wenzangu wananiuliza sana: mbona vipimo tumetumia vile vile, keki yako imepanda na yangu imelala? Swali langu la kwanza kwao huwa ni, umetumia kokoa gani?

Kokoa ya kawaida ina uchachu, na uchachu wake unaanzia shambani. Kyela, inakotoka sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania, mkulima akishapasua tunda huzivundika mbegu pamoja na ute wake mweupe kwa siku kadhaa, ndipo azianike. Ute unachacha, siki inajitengeneza humo na kupenya hadi ndani ya mbegu. Kuikaanga baadaye kunaipunguza siki hiyo, hakuimalizi. Kwa hiyo unga wake una pH (kipimo cha uchachu: namba ikiwa chini ya 7 ndivyo uchachu unavyozidi) ya kama 5.3 hadi 5.8, na ukiulamba unausikia ulimini. Kwa sisi waokaji uchachu huo ni mali. Ukikutana na beking soda inatoka gesi, na gesi ndiyo inayoinua keki.

Aina ya pili tumeletewa na Waholanzi. Mwaka 1828 familia ya Van Houten ya Amsterdam ilipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta kwenye kokoa, kisha Coenraad van Houten akaanza kuitia alkali, yaani kitu kinachoua uchachu, ili ichanganyike na maji kwa urahisi. Siku hizi viwanda vingi hutumia potasiamu kaboneti. Uchachu unakufa, pH inapanda hadi karibu 7 au 8, rangi inakolea na ladha inakuwa ya upole. Ni kokoa nzuri, sina ugomvi nayo. Shida inakuja pale resipi inaposema beking soda peke yake, bila mtindi wala siki. Soda inakosa cha kushikana nacho, keki inabaki nzito na inaacha ladha ya sabuni mdomoni. Ukiwa na kokoa ya aina hii, tumia beking pauda, maana hiyo inakuja na tindikali yake.

Utazijuaje? Soma lebo. Ukiona neno alkali, au potasiamu kaboneti, au namba E501, hiyo imeshatiwa alkali. Usiamini macho peke yake, na wala usidhani nyeusi zaidi ndiyo yenye kokoa zaidi. Weusi ni kazi ya alkali. Kama lebo haipo, koroga kijiko cha kokoa kwenye maji ya moto, nyunyizia beking soda kidogo. Ya kawaida itatoa povu, iliyotiwa alkali itakaa kimya.

Hershey's Special Dark imechanganya zote mbili, na lebo yake inasema hivyo. Naipenda kwenye brauni, ambazo hazihitaji kupanda sana, na kwenye krimu ya siagi inatoa rangi ambayo mabibi harusi wanaipenda mno. Kwenye keki yenyewe naona harufu ya kokoa inafifia. Kokoa nyeusi tii, ile ya kutengenezea biskuti nyeusi kama Oreo, imetiwa alkali nyingi kuliko zote, na zile nilizozitumia zina mafuta kidogo. Ukiitumia peke yake keki inakuwa kavu. Mimi naweka sehemu moja ya nyeusi kwa sehemu tatu za kawaida, na rangi inatosha kabisa.

Na hayo mafuta yaangalieni, watu wanayasahau. Kokoa nyingi za madukani zina mafuta asilimia 10 hadi 12. Zipo za asilimia 20 hadi 24, ghali zaidi, na kwenye brauni au kikombe cha kokoa ya maziwa tofauti yake inasikika wazi. Kwa keki ya siku ya kuzaliwa ya watoto thelathini, ambayo juu inafunikwa krimu, sioni sababu ya kulipia hayo.

Sasa pakiti za wasindikaji wetu wadogo wanaotumia kokoa ya Kyela. Niseme wazi kwamba hizi ndizo zinazonifurahisha kuliko zote kwa ladha. Pakiti ninazozipata hazina alkali, zina uchachu wa matunda, na jikoni pananukia kabla sijawasha oveni. Unga wake lakini ni wa chenga, lazima niuchekeche mara mbili, na pakiti moja haifanani na nyingine kwa rangi. Naomba sana waandike kiasi cha mafuta kwenye lebo. Mwenye biashara hawezi kukisia kila oda.

Kokoa ya kupima kwenye mifuko siinunui tena. Duka moja mjini liliniuzia unga mtamu kabisa, umechanganywa na sukari, na mwenye duka akasisitiza ni kokoa tupu. Onja kabla ya kulipa: kokoa tupu ni chungu. Makopo ya chokoleti ya kunywa nayo ni ya kunywa, sukari imeshika nafasi ya kwanza kwenye viambato.

Kokoa yoyote utakayochagua, isipokuwa resipi imekataza, iloweke kwanza kwa maji ya moto au kahawa nyeusi ya moto, koroga mpaka iwe kama uji mzito, iache ipoe ndipo uitie kwenye mayai na sukari. Ladha inafunguka na mabonge yanaisha.

Kwa sasa kabatini kwangu lipo kopo kubwa la Hershey's ya kawaida kwa oda za kila wiki, pakiti ya Kyela kwa wateja wanaopenda ladha nzito, na Special Dark naongeza msimu wa harusi ukianza.