Bagi la faiba: umekatiwa kitambaa, nguo ushone mwenyewe

Nianze na jirani, maana ndiye aliyenitia matatani hata kabla sijashika spana. Alimsikia mwanangu akisema, "Mama anaunda bagi uani," yaani gari dogo la wazi la kuendea mchangani, yeye akasikia bangi. Kufika Ijumaa nusu ya mtaa wetu wa Shela ilishajua, na shangazi yangu akaja na buibui juu juu kuniuliza nimekosa nini duniani. Nikamfungulia mlango wa uani. Chini ya mwarobaini kulikuwa na Volkswagen Beetle ya marehemu ami, haina milango wala boneti, na kando yake ganda la faiba la rangi ya chungwa, kama beseni la kufulia jeshi zima. Shangazi akalizunguka mara moja, kimya. Kisha akasema, "Bangi angalau ina wateja, mwanangu."

Mimi ni mshonaji hapa Malindi: kanzu, sare za shule, mapazia ya hoteli. Kwenye gari nilijua kuendesha na kutia mafuta, basi. Nilinunua seti hii ya kujiundia bagi kwa muuzaji wa Nairobi ambaye jina lake nitaliacha, shilingi 185,000, na 14,000 nyingine za lori. Ndani yake mlikuwa na bodi, boneti, dashibodi, fremu ya kioo cha mbele, taa mbili, sanduku la bolti na kijitabu cha kurasa 11. Mengine yote, yaani injini, giaboksi, breki, usukani na magurudumu, unayatoa kwenye Beetle yako. Muuzaji aliniapia kwamba asiyejua kitu humaliza kwa wikendi sita. Nimemaliza kwa miezi kumi na minne.

Bodi yenyewe sina ugomvi nayo. Umbo hili si la muuzaji wangu, ni la Bruce Meyers wa California, aliyetengeneza la kwanza mwaka 1964 akaliita Meyers Manx. Alikuwa fundi wa mashua za faiba, na ukilitazama gari lake utaona mashua iliyopewa magurudumu. Waigaji walikuwa wengi mno, akaenda mahakamani kutetea hataza yake akashindwa, ndiyo maana leo mtu yeyote mwenye kalibu anakuuzia. Basi nami nikamwita mzee mmoja anayetengeneza mashua karibu na jeti, anitazamie. Hakutoa kifaa chochote. Alikunja kidole akawa anabisha, ko, ko, ko, ubavu mzima, kama mtu anayechagua nazi, sikio karibu na faiba. Nyuma ya gurudumu la kushoto sauti ikabadilika, ikawa pwaa. "Hapa kuna hewa, matabaka hayakushikana." Akapasua, akajaza, akapiga msasa. Mahali pamoja tu kwenye bodi nzima, na yeye ni mtu wa kulaumu kila kitu. Nikaridhika.

Balaa la faiba ni vumbi lake. Ukitoboa au kupiga msasa, vumbi lile linawasha kuliko upupu. Nilivaa barakoa na mikono mirefu, nikasahau kwamba dirisha la chumba cha kushonea linatazama uani. Kanzu ya bwana harusi ilikuwa imetundikwa pale. Kijana wa watu alijikuna mbele ya shehe mpaka wakadhani ana hofu. Nimemshonea nyingine bure.

Sasa kijitabu. Ukurasa wa tatu unasema: "Fupisha sakafu ya chuma, kisha endelea." Hivyo tu! Beetle ina mita 2.4 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na bodi ya namna hii inataka sakafu ipunguzwe sentimita 36.8. Kwa mtu wa gereji huenda ni sentensi moja. Kwangu ilikuwa wiki mbili za kukosa usingizi, maana kanzu ukiikata fupi hairefuki. Nilimpa fundi wa kuchomea wa Barani shilingi 22,000, na nilipomwona anapima mshazari, pembe hii hadi pembe ile, kabla ya kuwasha mashine, nikajua nimempata mtu. Hata mimi kitambaa cha pazia nakipima hivyo kuona kama kimekaa sawa. Alikata, akaunga, akapima mshazari tena.

Kilichotuumbua ni kile kisichoandikwa. Katikati ya sakafu ya Beetle kuna handaki la chuma, na ndani yake hupita fimbo ya gia, bomba la petroli, na kebo za klachi, eksileta na handbreki. Sakafu ikifupishwa, hivyo vyote vinafupishwa. Tuliligundua hilo siku ya kurudisha fimbo ya gia, ilipozidi kama mguu wa suruali ya mtu mrefu. Kijitabu hakina neno juu yake. Fundi akacheka, mimi sikucheka, tukaikata nayo kipimo kile kile.

Nati ya ekseli ya nyuma inastahili aya yake. Ni ya milimita 36, na bila kuitoa huwezi kuvua dramu kutazama breki. Beetle ya ami ilikaa miaka tisa kwenye hewa ya chumvi, nati na ekseli zikawa kitu kimoja. Tuliimwagia dawa ya kutu siku tatu. Siku ya nne tukavika spana bomba la maji la mita mbili, nikapanda juu ya bomba, nami si mwepesi, mwanangu ameshika ukuta. Ilitoa mlio kama risasi na paka wa jirani hakuonekana mpaka magharibi. Kuirudisha ni kazi nyingine: inakazwa kwa nguvu ya kama kilo 30 mwisho wa mkono wa mita moja, kisha pini inapita kwenye tundu lake. Ukiikaza kwa kukisia, ikalegea njiani, meno ya dramu yataliwa na gurudumu litazunguka peke yake.

Injini, kinyume na nilivyoogopa, ndiyo ilikuwa rahisi. Imeshikwa na bolti nne. Jeki, tairi kuukuu chini, vijana wawili, ikashuka. Kosa langu lilikuwa kwenye mabati yanayoizunguka. Niliyaona machafu, yamepinda, nikayaweka kwenye rundo la kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Injini hii haina maji wala rejeta. Inapozwa na feni, na mabati yale ndiyo yanayoibana hewa ipite kwenye silinda badala ya kutawanyika. Ningeyauza, injini ingejipika kabla ya kufika Watamu. Fundi wa tuktuk aliyekuja kuomba maji ya kunywa ndiye aliyeyaona na kuyarudisha, na hakuondoka tena mpaka gari likaisha.

Huyo huyo ndiye aliyenitoa kwenye umeme. Nilifunga nyaya kwa mchoro wa kijitabu, nikapeleka kila taa waya wake, baada ya isha nikawasha. Giza. Indiketa ya kulia haikuwaka, ila honi ikaguna. Nilibadilisha fyuzi zote, nikabadilisha balbu, nikalia kidogo, si haya. Kijana akachukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kwenye kitako cha taa, ya pili kwenye giaboksi. Taa ikawaka! Akaniambia, "Shangazi, umeme wako una njia ya kwenda, hauna ya kurudi." Kwenye gari la chuma, bodi yenyewe ndiyo inayorudisha umeme hadi betri. Faiba haipitishi. Kila taa inataka waya wa pili mpaka kwenye chuma. Muuzaji wa bodi za faiba anawezaje kuchapisha mchoro wa gari la bati? Nilimpigia kumuuliza. Akanijibu kwamba wateja wengi huwa wanaelewa.

Bolti za seti zitupe. Zimepakwa zinki nyembamba ambayo huenda inatosha Nairobi, lakini kusi la huku lilizila kwa miezi mitatu, na michirizi ya kutu ikashuka kwenye rangi ya chungwa kama uso uliolia na wanja. Nilinunua za steinlesi kwenye duka la vifaa vya mashua, 9,600, pamoja na washa pana ili faiba isipasuke pale inapobanwa. Ukitoboa, bandika selotepu kwanza na uanze na keekee nyembamba, la sivyo rangi ya juu inameguka.

Karatasi: usikate chuma kabla logibuku haijawa yako. Ya ami ilibidi ipitie kwanza mirathi kwa Kadhi, ndipo nikabadilisha jina, ndipo nikaomba NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kubadilishiwa aina ya bodi na gari likakaguliwa. Wekeni risiti zote.

Sasa linatembea. Jumamosi iliyopita nililipeleka Mambrui, nikavuka daraja la Sabaki maji yakiwa mekundu chini, upepo unapita pande zote kwa kuwa milango haipo. Usukani ni mwepesi mpaka unatisha. Oili linakula lita mbili na nusu tu, na haina filta, ni ungo wa waya, kwa hiyo naibadilisha mapema. Nimetumia jumla ya 431,000 bila kuhesabu Beetle. Shangazi alikaa mbele, amefunga mtandio kwa mafundo mawili, na hakutaja wateja.

Kama una Beetle nzima inayowaka, na fundi wa kuchomea unayemwamini, seti hii inunue kwa ajili ya bodi. Kijitabu weka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kama huna Beetle, utatafuta spea moja moja na pesa zitaisha kabla ya rangi.

Paa haliji na seti, na hilo halijaandikwa popote. La kwangu nimelishona kwa turubai, mshono mara mbili, na vifungo vya shaba. Atakaye lake, uani kwangu bado pana nafasi, ila aniletee vipimo vya fremu ya kioo, asinitumie picha ya simu.