Kutangaza duka la mchele bila kulipia: tathmini ya WhatsApp Business, Facebook na Instagram kutoka Mwanjelwa

Tathmini hii inahusu huduma tatu ambazo mfanyabiashara yeyote mwenye simu janja anaweza kuzitumia bila kulipa ada: programu ya WhatsApp Business, ukurasa wa biashara wa Facebook na akaunti ya biashara ya Instagram. Nimezipima kwa jicho la mtu anayeuza mchele na maharage jijini Mbeya, jirani na Soko la Mwanjelwa, ambaye fungu lake lote la matangazo ni bando la simu. Nilitaka kujua kama huduma hizi zinaleta mteja mpya au zinamtunza yule uliye naye tayari. Kwa maoni yangu zinamtunza vizuri sana mteja anayekufahamu, lakini kumvuta asiyekufahamu bila kulipia tangazo ni kazi nzito, na anayezianza akitarajia umati atakata tamaa kabla msimu haujaisha.

Ugumu wa kwanza unatokana na bidhaa yenyewe. Mchele wa Kyela hauuziki kwa sura. Unauzika kwa harufu yake unapopikwa, na harufu haipigwi picha. Kwenye kioo cha simu, kilo ya mchele wa Kyela, kilo ya mchele wa Mbarali na kilo iliyochanganywa na muuzaji asiye mwaminifu zinaweza kufanana kabisa. Dukani mteja huchota mchele kiganjani, hupuliza pumba, hunusa, hutafuna punje moja au mbili, na ndipo anapouliza bei. Mtandaoni hatua hizo zote hazipo, naye hubaki na picha na neno lako tu. Picha iliyopigwa kwa uangalifu husaidia kwa kiasi chake: punje zitandazwe kwenye kitambaa cheusi, kwenye mwanga wa asubuhi kabla jua halijawa kali, na chenga ziachwe zionekane kama zilivyo. Video fupi ya mchele ukimiminwa kutoka kwenye debe huonyesha zaidi, kwa sababu vumbi na pumba hazifichiki. Hata hivyo, anayemshawishi mnunuzi wa Dar es Salaam au Dodoma ni mtu aliyekwisha kuupika mchele huo nyumbani kwake.

Ndiyo maana WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, nimeiweka mbele ya zile nyingine mbili. Programu hii humpa mfanyabiashara wasifu wenye anwani na saa za kazi, ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe, majibu ya haraka yaliyoandikwa mapema, lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri mzigo, pamoja na katalogi, yaani orodha ya bidhaa na picha zake, inayoweza kubeba hadi bidhaa 500. Muuza nafaka hahitaji hata sehemu ndogo ya katalogi hiyo, lakini lebo na majibu ya haraka ni msaada wa kweli siku maswali yanapokuja kwa wingi.

Mipaka yake, hata hivyo, ni lazima ieleweke mapema. Ujumbe wa orodha ya matangazo, yaani ujumbe mmoja unaotumwa kwa wengi kwa pamoja, hutumwa kwa watu wasiozidi 256 kwa orodha moja, tena humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi nayo hudumu saa 24, na kwa kawaida huonekana kwa mtu ambaye umehifadhi namba yake naye amehifadhi yako. Kwa hiyo kazi ya kutangaza kwa WhatsApp huanzia kaunta ya duka, pale unapomwomba mama aliyenunua kilo tano ahifadhi namba kabla hajaondoka. Wafanyabiashara wengi huruka hatua hiyo, kisha hushangaa stetasi yao nzuri ikitazamwa na ndugu na majirani pekee. Namba iliyochapwa kwenye mfuko wa mchele ina faida kuliko bango la rangi lililotengenezwa kwa programu ya simu, kwa sababu mfuko hukaa jikoni hadi mchele unapokwisha, na hapo ndipo namba inapohitajika.

Kuhusu makundi ya WhatsApp, nashauri tahadhari. Kundi la kawaida linaweza kuwa na watu 1,024, jambo linalovutia, lakini wanachama huona namba za wenzao. Muuzaji mwingine akiingia kwa jina la mteja, ataondoka na wateja wako wote bila kusema neno kundini. Chaneli za WhatsApp, ambamo mwenye chaneli hutuma taarifa na wafuasi husoma tu, zilisambazwa katika nchi nyingi mwaka 2023; huficha namba za wafuasi na kwa hilo ni salama zaidi, ingawa zinamnyima mteja nafasi ya kuuliza papo hapo.

Ukurasa wa Facebook una historia ambayo kila mfanyabiashara anayeutegemea anapaswa kuifahamu. Januari 2018, Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alitangaza kwamba watumiaji wataonyeshwa zaidi machapisho ya ndugu na marafiki, na kwamba machapisho ya biashara, chapa na vyombo vya habari yatapungua machoni pao. Kampuni inapata fedha zake kwa kuuza matangazo, hivyo ukurasa usiolipiwa hauwezi kutarajia kufika mbali kama uliolipiwa. Aliyebonyeza kufuata ukurasa wako hajapata hakikisho la kuona bei yako ya leo. Wapo wanaokwepa hali hii kwa kuuza kupitia akaunti binafsi, lakini akaunti hizo zina kikomo cha marafiki 5,000, na masharti ya Facebook hayaruhusu kuzitumia hasa kwa biashara. Jitihada za miaka zinaweza kupotea akaunti ikifungwa, na sioni kwa nini mtu mwenye duka lake halali ajiweke kwenye hatari hiyo.

Pamoja na hayo sikushauri uufunge ukurasa. Uchukulie kama kibao cha duka: hakimwiti mtu kutoka mbali, lakini anayekutafuta hukikuta na kujua kuwa upo, unauza nini, na unapatikana wapi. Mteja wa mbali akielekezwa na rafiki yake, jambo la kwanza analolifanya ni kuandika jina la duka mtandaoni, na akikuta ukurasa ambao chapisho lake la mwisho ni la Nane Nane ya mwaka juzi, atadhani duka lilishafungwa. Chapisho moja kwa wiki lenye bei ya sasa linatosha.

Instagram kwa muuza nafaka ni dhaifu, na sababu ni ileile ya sura na harufu. Kwa bidhaa inayojieleza kwa macho hali ni tofauti kabisa. Wasuka vikapu vya Iringa, wauza vitenge na mafundi wa samani za mbao za Mafinga wana sababu nzuri ya kuanzia huko, kwa kuwa ususi wa kikapu au ulaini wa mbao unaonekana hata kwa mtu aliyeko Arusha ambaye hajawahi kufika Nyanda za Juu Kusini. Tatizo ni kwamba mtandao huo nao, tangu mwaka 2016, hupanga machapisho kwa makadirio ya kile ambacho mtu atapenda kukiona, wala haufuati muda tu, hivyo picha nzuri inaweza kupita bila kuonwa na wafuasi wengi. Kiungo ulichokibandika kwenye maelezo ya picha nacho hakibonyezeki, na mteja hulazimika kwenda kwenye wasifu wako kukitafuta.

Gharama inayosahaulika katika huduma hizi ni muda. Mazungumzo ya kawaida huanza hivi: “Habari dada, mchele kilo bei gani?” Unajibu. “Upo wapi?” Unajibu. “Mnatuma Dar?” Unaeleza kwamba unatuma kwa basi, kwamba nauli ya mzigo ni juu ya mteja, na kwamba picha ya risiti ya mzigo utamtumia jioni. Baada ya hapo kimya. Mazungumzo kama hayo yakiwa mengi kwa siku, na dukani wapo wateja wanaosubiri kupimiwa, tangazo lisilo na ada limekwisha kula mshahara wa msaidizi. Dawa mojawapo ni kuandika bei waziwazi. Desturi ya kuandika “bei inboksi” inamchosha mnunuzi, inamtia shaka kwamba bei inapandishwa kwa kumtazama sura, na inakuongezea maswali ambayo mstari mmoja ungeyamaliza.

Uaminifu ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Picha zako zinaweza kunakiliwa na mtu asiye na hata debe moja la mchele, akafungua akaunti yenye jina linalofanana na lako na kupokea fedha za watu kwa simu. Mteja aliyetapeliwa namna hiyo hulikumbuka jina la duka lako, wala hamkumbuki tapeli. Kwa sababu hiyo naona inafaa kila picha iwe na jina na namba ya duka, na malipo yapokelewe kwa Lipa Namba yenye jina la biashara. Shuhuda za wateja zina nguvu, lakini ziwekwe kwa heshima: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tuwe waangalifu na taarifa za watu. Picha ya ujumbe wa mteja isibandikwe kwenye stetasi ikiwa na jina na namba yake bila ridhaa yake.

Kuna pia suala la kuweka duka lote mikononi mwa mtandao. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote kwa wakati mmoja, kwa kuwa mmiliki wake ni mmoja. Mei 2024 kukatika kwa nyaya za baharini kulidhoofisha intaneti Afrika Mashariki. Daftari lenye majina na namba za wateja, pamoja na ujumbe mfupi wa kawaida, viendelee kuwapo.

Kwa muuza nafaka wa Mbeya, WhatsApp Business naipa nyota nne kati ya tano, Facebook mbili na nusu, na Instagram moja na nusu, ambayo ningeipandisha hadi tatu na nusu kwa wenzetu wa vikapu wa Iringa. Anayeanza mwezi huu, mchele mpya unaposhuka kutoka Kyela, ashughulikie kwanza namba za wateja wanaoingia dukani, aandike bei kwenye kila chapisho, na atenge saa maalumu za kujibu ujumbe ambazo amezitangaza kwenye wasifu wake, ili anayeandika usiku ajue atajibiwa asubuhi duka likifunguliwa.