Nimelipia Gymnopédie ya pili, nikaletewa horni za bondeni

Jamani, kabla hamjawalipa hawa watu wa mtandaoni wanaogeuza muziki wa piano kuwa wa okestra, ombeni kwanza kuziona nota za horni, ile pembe ya shaba iliyoviringwa. Nawaambia mapema.

Okestra yetu ya ridhaa hapa Lyon ilikuwa inaandaa Gymnopédie, vipande vitatu vya piano vya mtunzi Mfaransa Erik Satie. Mtunzi mwenzake Debussy alizipangia okestra mbili tu, ya kwanza na ya tatu, zikapigwa Paris mwaka 1897. Ya pili aliiacha. Sisi tukaitaka hiyo hiyo, kwa vyombo vilevile vya Debussy: filimbi mbili, obo, horni nne, vinubi viwili, toazi na vyombo vya nyuzi. Kurasa chache tu! Tukalipa yote mapema, na bei haikuwa ya kindugu.

Siku ya mazoezi horni zikaingia. Mungu wangu! Fidla ziko kwao, horni ziko bondeni. Mzee wetu wa horni ya kwanza akashusha chombo, akachukua penseli, akaandika F kubwa juu ya ukurasa na kuipigia mstari mara mbili. Horni ya F, ndiyo tunayopiga, hulia noti tano chini ya ilivyoandikwa, kwa hiyo mwandishi huzipandisha noti zake kwanza. Hawa walinakili noti za piano kama zilivyo, wakabandika jina la horni. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua.

Nikawaandikia kwa adabu. Jibu, bila hata salamu: faili lilitoka kwao likiwa sahihi, labda wapigaji wangu hawajazoea muziki wa kisasa. Wa kisasa! Satie aliutunga 1888.

Ila nisiwadhulumu. Sehemu ya nyuzi ni tamu ajabu. Ile noti ya chini ambayo mpiga piano huishikilia huku akodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ikiingia pigo la pili, wameigawa kwenye mabesi, zile fidla kubwa za sauti nzito: nusu wanadonoa nyuzi kwa vidole, nusu wanavuta upinde. Inaanza kama piano, kisha haifi. Aliyefikiria hilo ana masikio, na siamini ndiye aliyenijibu. Ukifika hapo unataka kuwasamehe yote.

Horni nimeziandika upya mwenyewe. Nilikuja kutoa nyota moja; kwa mabesi nikafika tatu. La, mbili. Barua yangu ya pili bado hawajaijibu.