Tahadhari: "mafundi" wanaouza usafishaji wa mabaki ya programu Kampala

Ndugu zangu, hasa wenye maduka ya steshenari na uchapaji: kuna vijana wanapita duka hadi duka na flashi mkononi wakijiita mafundi wa kompyuta. Wanakuuliza kama umewahi kuondoa programu kwenye mashine yako. Nani hajawahi? Basi wanakwambia mabaki yake ndiyo yanayoifanya iwe nzito, na wao watayasafisha kwa shilingi 60,000. Wakatalieni.

Shangazi yangu ana duka la kuchapa na fotokopi Wandegeya. Walichomeka flashi, ikafunguka programu, namba nyekundu zikaanza kupanda: makosa mia tatu, mia nane, zaidi ya elfu. Mtu ambaye riziki yake iko ndani ya hiyo laptopu akiona vile, analipa. Naye alilipa kwa mobile money. Nilipoikagua jioni, kwenye ulinzi wa Windows, orodha ya vitu visivyokaguliwa (Exclusions) ilikuwa na mstari mmoja tu: C:\. Yaani diski nzima imetolewa kwenye ukaguzi wa virusi! Tena palikuwa na programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, inayojiwasha kila mashine inapowaka. Humo humo wateja huacha nakala za vitambulisho vyao, na shangazi hufungua barua pepe. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko hizo pesa.

Sasa, yale "makosa" ni nini? Mengi ni mistari iliyobaki kwenye rejista ya Windows, pale programu zinapoandika mipangilio yao. Programu ikiondoka, mistari mingine husahaulika. Ni midogo mno, na kuifuta hakuongezi kasi ya maana. Microsoft yenyewe haiungi mkono programu za kusafisha rejista, na inaonya kuwa zinaweza kuharibu mfumo hadi ulazimike kusakinisha Windows upya.

Ujanja huu si wa Kampala peke yake. Machi 2019, kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza madai ya FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja. FTC ilidai kuwa kabla ya ukaguzi mteja aliulizwa maswali manne, mfano kama mashine inakwenda polepole. Jibu moja tu la ndiyo lilitosha kutoa tangazo la dalili za virusi, hata kama ukaguzi haukuona kitu.

Mabaki yanayostahili kuondolewa unayaondoa mwenyewe bila malipo. Ondoa programu kupitia mipangilio ya Windows, zima na uwashe mashine. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, na utafute folda yenye jina la programu ile au la kampuni iliyoitengeneza. Futa hiyo tu. Rudia kwa %localappdata% na %programdata%. Folda iitwayo Microsoft usiiguse, na folda usiyoijua iache ilivyo. Ukitaka msaada wa programu inayoondoa nyingine pamoja na mabaki yake, Revo Uninstaller ina toleo la bure na BCUninstaller ni ya bure kabisa, ila pakua kwenye tovuti zao wenyewe, kamwe si kwenye flashi ya mtu.

Antivairasi ndizo zenye mabaki sumbufu kweli, kwa sababu zinajichimbia ndani sana ya mfumo na vipande vyake vinaweza kugombana na antivairasi mpya. Hata hapo, kampuni kama Avast, McAfee na Kaspersky hutoa vifaa vyao vya kujiondoa bila kudai senti.

Kama walishapita kwako, kata intaneti kwanza. Futa kila mstari usioujua kwenye ile orodha ya visivyokaguliwa, ondoa programu ya kuendesha kutoka mbali, kisha kagua virusi mashine nzima. Nywila badilisha ukitumia kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe. Ujumbe wa mobile money usiufute, una namba iliyopokea pesa. Nenda nao polisi: kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2011 ya matumizi mabaya ya kompyuta. Shangazi aliwaruhusu kusafisha tu, hakuwaruhusu kubaki ndani.