Gwyddion na dimensheni ya fraktali: programu nzuri kwa mtumiaji anayeikagua grafu

Gwyddion ni programu huria ya bure, iliyokuzwa chini ya Taasisi ya Vipimo ya Cheki kwa ajili ya watafiti wanaopima nyuso ndogo mno kwa darubini za ncha, yaani zinazoupapasa uso kwa ncha kali sana. Hata hivyo husoma pia mafaili ya HGT, yaani data za mwinuko wa ardhi zilizokusanywa kwa rada na chombo cha Endeavour mwezi Februari 2000, na kwa sababu hiyo inamfaa mwanajiofizikia anayetaka kukadiria dimensheni ya fraktali ya uso wa nchi, yaani namba inayoeleza jinsi uso ulivyo na mikwaruzo.

Niliijaribu kwa kipande S04E037 (jina linatokana na kona yake: nyuzi 4 kusini, 37 mashariki), chenye mlima Kilimanjaro. Kina pikseli 3601 kwa 3601, kila moja ikiwa na upana wa takriban mita 30, na kwa kuwa kiko karibu na ikweta, pikseli hizo zinakaribia kuwa mraba kamili. Anayepima Uskoti hana bahati hiyo.

Njia za kukadiria ni pamoja na kuhesabu michemraba, kuufunika uso kwa pembetatu, kugawanya variansi (kiasi cha kutawanyika kwa mwinuko) na spektra ya nguvu (nguvu ya mawimbi ya uso kwa kila urefu wake). Majibu yake hayalingani, na mwongozo wa programu hauufichi ukweli huo. Ninachokisifu zaidi ni kwamba hupewi namba tupu: unachorewa grafu ya logarithimu, kisha unachagua mwenyewe kwa kipanya sehemu ambayo mstari utapitishwa. Uamuzi huo ndio kazi yenyewe. Kwenye masafa mafupi, yaani umbali mdogo ardhini, data za rada zimelainishwa, hivyo spektra huporomoka kwa kasi na dimensheni hushuka ilhali ardhi yenyewe haina ulaini huo. Kwenye masafa marefu, umbo la koni la mlima hutawala kila kitu. Ukikosea mteremko β wa mstari wa spektra kwa 0.2 tu, dimensheni, ambayo ni (7 − β)/2, husogea kwa 0.1, na hicho si kiasi kidogo kwa kipimo ambacho chote kimo kati ya 2 na 3.

Lawama yangu iko kwenye kuhesabu michemraba. Ardhi haikui kwenda juu kwa uwiano uleule inaokua nao kwenda kando, nayo programu huuvuta mwinuko hadi ujaze mchemraba kabla ya kuanza kuhesabu. Kwa hiyo kipande chenye kilele cha mita 5895 na kipande cha tambarare iliyo chini yake huvutwa kwa viwango tofauti kabisa, kisha majibu yao huwekwa bega kwa bega kana kwamba yanalinganishika. Pengo moja tu la data, ambalo HGT huliandika −32768, lisipozibwa mapema hubana nchi nzima ikawa bapa kama chapati. Onyo lilistahili kuwepo hapo hapo dirishani.

Jambo jingine ni kwamba njia hiyo hubadilisha kwanza ukubwa wa data uwe kipeo cha 2 kuongeza 1, hivyo kipande kizima hujazwa pikseli ambazo hazikupimwa na mtu. Ni afadhali ukate mwenyewe mraba wa pikseli 2049.

Kwa spektra na variansi ninaipendekeza bila kusita, mradi ripoti itaje masafa yaliyochaguliwa pamoja na njia iliyotumika. Kwa michemraba, sitaitumia kulinganisha mlima mmoja na mwingine.