Prado 120 ya kutembelea porini: tairi, springi na kompresa kwanza, winchi baadaye

Wakuu, naweka hapa rivyuu ya vitu vya kufunga kwenye Prado 120, ile iliyotoka 2002 mpaka 2009, kwa mtu anayetaka kutembea nayo porini kweli kweli. Njia yangu ninayoipimia ni ile ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka, Ziwa Natron, alafu unapanda Sonjo mpaka Loliondo. Ukishaiacha lami ile njia inakupa kila kitu, vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, mawe yenye ncha, mchanga kwenye makorongo, na ile barabara iliyojikunja kama bati inayotikisa gari saa nzima bila kupumzika. Kitu kikipita pale salama basi kina maana.

Msimamo wangu ni kwamba hela ya kwanza iende kwenye tairi, ya pili kwenye springi na shokapu, ya tatu kompresa ya kujazia tairi upepo. Bulbaa (lile bampa la chuma la mbele), winchi (mashine ya kamba ya kujivuta ukikwama), keria, hema la juu na taa vije baadaye. Mjini unakuta watu wameanzia huko mwisho, gari ina bampa la chuma na taa nane ila chini bado ina tairi za lami na shokapu zile zile zilizotoka nayo Japani, na kila kilo uliyoongeza juu ni tairi na shokapu hizo hizo zinazoibeba. Nyingi zilizoingia bongo ni zile za petroli 2.7, injini ya 2TR, ni injini ngumu sana haisumbui ila nguvu yake ni ya kawaida tu, ukiipakia chuma utaisikia inavyolia kwenye mlima wa Sonjo.

Haya, tairi. Saizi ya kiwandani ni 265/65R17, mi natumia 265/70R17 za AT (all terrain, za lami na porini), BFGoodrich KO2. Kipenyo kinatoka kama milimita 776 kinafika 803, kwa hiyo gari inanyanyuka milimita 13 hivi, utasema ni kidogo, lakini jua kwamba kwenye hii gari kitu kinachogonga mawe kwanza ni lile bonge la difu ya nyuma, yaani nyumba ya gia katikati ya ekseli, na hakuna springi duniani inayoweza kunyanyua difu, springi inanyanyua bodi tu, difu inanyanyuliwa na tairi peke yake. Ndo maana hizo milimita nazithamini. Usiende 285/70, ukikata kona inasugua bodi nyuma ya tairi la mbele, utaambiwa tunagonga kidogo tunakata kidogo, achana nayo. Spidomita nayo itabadilika, ikisoma 100 we uko kama 103.

Ninachozipendea KO2 ni ukuta wa pembeni. Mawe ya kule Engaresero hayatoboi katikati ya tairi, yanachana ubavuni, na ubavu ukichanika hakuna fundi wa pancha atakayekusaidia. Hizi zina ubavu mnene na meno yameshuka mpaka pembeni, zimekwaruzwa sana ila hazijachanika. Kasoro zipo, AT zote zina mvumo kwenye lami, ni nzito kuliko za kawaida na mafuta yataongezeka kidogo, alafu kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua, kama ule wa Katavi, meno yanajaa tope unabaki unateleza, hapo hata ungekuwa na nini bora usubiri jua. Na ukienda kununua soma namba nne za mwisho za DOT ubavuni, ndo tarehe ya kutengenezwa, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna duka moja mjini nililetewa tairi zinang'aa zimepakwa dawa, kusoma namba kumbe zimekaa stoo miaka saba, nikaziacha pale pale. Mpira unazeeka hata kama haujagusa barabara.

Springi na shokapu. Mi nimefunga Old Man Emu, ni za ARB wa Australia, na kitu kizuri kwao ni kwamba springi zinauzwa kwa uzito unaobeba, kuna za gari tupu, kuna za mwenye bulbaa, kuna za mwenye mizigo muda wote nyuma. Hapo ndo wengi wanapotezwa, mtu anauziwa springi za mzigo mzito wakati gari anapanda yeye na mkewe, matokeo yake gari inaruka ruka mgongo unauma. Kwa hiyo panga kwanza utabeba nini ndo ununue springi. Kama Prado yako ni ya upepo nyuma, zile begi za hewa zikianza kuvuja toa weka springi za kawaida, kule porini begi likipasuka gari inalala.

Kunyanyua, mwisho inchi mbili. Prado mbele haina ekseli mzima, ukinyanyua zaidi ya hapo CV jointi, vile viungo vya kuzungusha tairi za mbele, zinakaa kwa pembe kali, buti zake za mpira zinachanika, grisi inatoka vumbi linaingia, na alaimenti haikai tena.

Sasa kuhusu shokapu zenyewe, fanyeni hivi siku moja. Mkiwa katikati ya ile barabara ya mikunjo simameni, inama nyuma ya tairi sogeza kiganja karibu na shokapu, joto unalisikia kabla hujagusa. Ile mitikisiko yote shokapu inaigeuza kuwa joto, oili ndani inachemka inakuwa nyepesi na gari inaanza kuogelea. Shokapu iliyochoka utaiona ina mstari wa vumbi lililoshikana na oili kuanzia kwenye sili kushuka chini. Ndo mana nasema shokapu nzuri ni usalama, zile za bei rahisi zinakufia katikati ya safari na kule spea hakuna.

Kompresa ni kitu kidogo lakini mi kwangu ndo bora kuliko vyote kwa hela yake. Lami unatembea na upepo wa psi 34 hivi, ukiingia vumbini shusha mpaka 26 au 28, mchangani shusha mpaka 18. Tairi inalala inakuwa ndefu, inashika, na mikunjo unaisikia nusu. Ila ukishashusha punguza mwendo, na ukirudi lami jaza, ndo kazi ya kompresa. Chukua inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, zile za kuchomeka kwenye tundu la sigara zinaunguza fyuzi.

Winchi siipingi, kama unatembea gari moja peke yako ina maana sana. Hesabu yake ni uzito wa gari ikiwa imejaa mara moja na nusu, Prado ikijaa inakaribia tani 2.9, kwa hiyo tafuta ya pauni 9,500. Ila ukijumlisha winchi na bulbaa ni kama kilo 100 zote puani, springi za mbele lazima ubadili. Mkiwa gari mbili, beleshi, kamba nzuri ya kuvutana na kushusha upepo vinawatoa sehemu nyingi sana. Na kamba msiifunge kwenye lile boli la duara la kuvutia trela jamani, likikatika linaruka na limeshaua watu, fungeni kwenye ndoano za chesisi.

Mkonga (snorkel, bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) weka kama unavuka mito, ila refusha na pumuzi za difu na gia boksi, vile vimrija vya kupumulia, la sivyo maji yataingia huko chini wakati injini iko salama.

Keria na hema la juu, angalia kitabu cha gari kinaruhusu kilo ngapi juu ya paa. Maji lita 40 ni kilo 40, hayo yakae chini, katikati ya gari. 

Ukishafunga springi pitia alaimenti siku hiyo hiyo, na baada ya kilomita 500 rudi kwa fundi akaze nati zote za chini upya, bushi mpya zinakaa vizuri zikishatembea kidogo na nati zinalegea.